Wakubwa wa humu: mlipokuwa na miaka 25, mlikuwa mnaamka asubuhi kwa ajili ya nini?

Mtoto wa Mngeta

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Nina miaka 25, nipo Mngeta, bonde la Kilombero, kati ya Ifakara na Mlimba. Nina shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, nilimaliza 2022. Ajira sina, ila njaa hatuna. Mama analima nami nalima naye, na kwa sasa kazi yangu kubwa ni kuamia ndege, kuwafukuza shambani, maana mpunga umeanza kutoa masuke. Nayasema haya mapema ili watu wasianze kunielekeza fursa. Fursa nimeelekezwa sana. Swali langu ni jingine.

Baba alifariki 2023. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kuna neno alilirudia tangu nikiwa shule ya msingi: "Soma. Siku ukishika chaki, mimi nitakaa kivulini." Aliuza heka mbili za mpunga, zile nzuri za karibu na mto, ili kujazia pale mkopo wa Bodi ulipoishia. Kila likizo nikishuka kwenye treni kutoka Dar nilimkuta stesheni na baiskeli yake. Anapakia begi langu kwenye keria, tunatembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njia nzima ananiuliza: "Haya, mmesoma nini?"

Namweleza ngeli za nomino, namweleza Vita vya Majimaji, na yeye aliyeishia darasa la saba anasikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa ndugu yake. Nilipomwambia kwamba boma la Wajerumani pale Mahenge lilivamiwa Agosti 1905, alisimamisha baiskeli. Akaniuliza kama kitabu kimewataja Wandamba. Nikamwambia nilichosoma mimi hakikututaja. Akasema, "Basi utaandika wewe," akaendelea kusukuma.

Huyo ndiye hayupo. Na nimekuja kugundua kitu kinachonitisha: sikuwa nasoma kwa ajili yangu. Nilikuwa nasoma ili mtu mmoja akae kivulini.

Kwenye usaili wa walimu ulioanza Januari 2025 nilikwenda Morogoro na mimi. Walioomba nchi nzima walizidi laki mbili, nafasi elfu 14 na ushee. Sikupata, na kukosa peke yake ningekuvumilia, maana hesabu inaonekana. Kilichonichoma kilinipata nikiwa kwenye foleni, kabla hata ya kuingia: niliwaza kwamba nikipata, simu ya kwanza nampigia nani? Mama angefurahi, najua. Ila mama hajawahi kuniuliza nimesoma nini, wala simlaumu, ana mengi.

Basi nikaanza kuwauliza watu wazima. Swali lenyewe ni hilo la hapo juu.

Baba mdogo, ana duka la pembejeo, akasema: "Oa. Mtoto akianza kulia usiku, hutapata nafasi ya kuwaza hayo." Nikamuuliza, "Baba mdogo, na wewe ulioa kwa sababu hiyo?" Akageuka akaanza kupanga makopo ya dawa ya magugu kwenye rafu, na yalikuwa yameshapangwa.

Mwalimu wangu wa sekondari akaniambia nipunguze kuwaza niongeze kufanya, nianzishe tuisheni ya watoto wa darasa la nne.

Bibi akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. "Kula kwanza." Akaishia hapo.

Padri ndiye aliyekaribia kunijibu. Ilikuwa baada ya misa, nje pale wanapofunga pikipiki. Nikamuuliza, "Padri, wewe ulipokuwa na umri wangu ulijuaje?" Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema: "Mimi, kwa kweli, niliingia seminari kwa sababu..." Simu yake ikaita. Kuna mgonjwa mahututi Mchombe, anahitaji mpako. Akavaa miwani, akawasha pikipiki, akaondoka. Nimerudi kwake baada ya hapo. Ananiombea, amenipa kitabu cha novena, namshukuru. Lakini ile sentensi haijamalizwa, na mimi naona haya kumkumbusha.

Wakuu, ninachoomba hapa ni nusu ya pili ya ile sentensi, kutoka kwa yeyote aliyeishi muda mrefu kuliko mimi. Watu wazima mnatupa maagizo. Oa, sali, jikaze, jiajiri, wewe ndiye baba sasa. Nimeyapokea yote kwa heshima. Ila hakuna aliyewahi kukaa chini akaniambia: mimi ilikuwa hivi.

Na niseme ukweli wote. Silali vizuri tangu mwaka jana. Kuna usiku nawaza kwamba nisipoamka kesho, ndege watakula mpunga, basi, hakuna kingine kitakachoharibika. Sijafanya lolote. Naliandika hapa kwa sababu sijapata wa kumwambia uso kwa uso.

---

Jembe Halimtupi

Dogo, nimesoma yote mpaka mwisho. Una shamba, una mama, una nguvu, una shahada. Sisi wa enzi zetu hatukuwa na nafasi ya kukaa kujiuliza tunaamka kwa ajili ya nini. Ulikuwa unaamka kwa sababu kumekucha. Ninyi mliosoma mnataka kila kitu kielezwe.

Vuna mpunga wako, usiuze mwezi wa sita wakati kila mtu anauza. Weka stoo mpaka mwezi wa kumi na mbili bei ikipanda, ndipo uuze, urudishe hata heka moja kati ya zile alizouza mzee wako. Ukishaanza kuona matunda ya jasho lako hayo mawazo yatapungua.

---

Mtoto wa Mngeta

Shikamoo. La kutouza mwezi wa sita nimelichukua, na la heka za baba limenigusa, sikuwa nimelifikiria.

Ila umesema hamkuwa na nafasi ya kujiuliza. Naomba nikuulize kwa heshima, na usiponijibu sitakasirika: hata usiku, ukiwa peke yako, hukuwahi?

---

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, wengine watakujibu kuhusu maisha. Mimi naijibu aya yako ya mwisho, maana watu wameipita kama hawakuiona.

Nakuuliza kama ninavyomuuliza mtu aliyekaa mbele yangu kwenye benchi: unawaza kujiua? Umeshafikiria namna? Usishtuke kuulizwa hivyo. Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo ambalo hana, na aliye nalo mara nyingi hupumua pale anapoona kuna mtu amethubutu kulitaja. Kama jibu ni ndiyo, usiku wa leo usilale peke yako. Mwamshe mama, mwambie, uende kituo cha afya usiku huo huo. Wala usione aibu kuwa hutoki damu. Tunapokea.

Kama jibu ni hapana, bado nisikilize. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula (bibi yako aliona, soma tena jibu lake), kujiona hufai, vitu ulivyovipenda kupoteza ladha: vikikaa zaidi ya wiki mbili mfululizo tunaanza kufikiria sonona. Ni ugonjwa. Hautokani na uvivu wala na kusoma sana, na unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa ikibidi, au kwa vyote viwili. Dawa zake hazifanyi kazi siku hiyo hiyo kama panadol, huchukua wiki kadhaa, na wengi huziacha katikati kwa kudhani hazisaidii. Na msiba unaweza kukaa ndani ya mtu pamoja na sonona, kimoja hakifuti kingine.

Wanaume mnatufikia mmechelewa mno. Mnakuja mnasema kichwa, mgongo, tumbo linawaka moto. Tunapima malaria, hakuna. Tunapima taifodi, hakuna. Mnapewa dawa ya maumivu mnarudi nyumbani na kile kile mlichokuja nacho. Kwa hiyo ukienda usiseme kichwa kinauma. Chukua simu yako, fungua ulichoandika hapa, mpe anayekuhudumia asome. Kituo cha afya wakiona hawawezi watakupa rufaa, na Ifakara mna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, siyo mbali na kwenu. Muulize yeyote wa mapokezi: huduma ya afya ya akili ni chumba gani?

Halafu rudi hapa unijibu yale maswali mawili. Niko zamu mpaka asubuhi.

---

Mtoto wa Mngeta

Shikamoo dada. La kwanza: mawazo ya kutokuwepo yanakuja, ya kujiua kwa mkono wangu hapana. La pili: hapana, sijafikiria namna. Chakula, ni kweli, nakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu.

Sikujua kwamba ni kitu cha kwenda nacho hospitali. Nilidhani ni tabia yangu.

---

Jembe Halimtupi

Uliniuliza. Niliwahi. Ni mwaka mdogo wangu alipozama mto Kilombero, kwenye mtumbwi, wakati huo bado hatujapata daraja. Nilikwenda kukaa kwa shemeji yangu Kidatu, nikakaa muda mrefu tu. Sikumwambia kilichonipeleka, naye hakuniuliza. Asubuhi ananipa panga, tunakwenda kukata miwa, jioni tunarudi. Siku moja nikamwambia narudi nyumbani, akasema sawa.

Sijui kama hiyo ndiyo nusu unayoitafuta. Ndiyo niliyo nayo.

---

Mama Ubwabwa

Marahaba mwanangu, hata kama hukunisalimia mimi binafsi.

Nauza chakula stendi, Mikumi. Nataka kusema neno kuhusu bibi yako, maana umempitia haraka. Mimi mume wangu alipokufa nilikuwa na watoto wadogo watatu na mimba. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mazuri, wala tulikuwa hatupatani. Lakini kila alfajiri alikuwa ananiletea uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati, anasimama pale pale mlangoni mpaka aone kikombe kimekauka, ndipo anaondoka. Hasemi kitu. Nilikuwa nakunywa ili aondoke. Nilikunywa hivyo mpaka nikajifungua, na mtoto yule sasa ananizidi urefu.

Nilikuja kumuuliza baada ya miaka, tukiwa tumeshazoeana: mama, ulikuwa unawaza nini ukisimama pale mlangoni? Akaniambia yeye alizika watoto wake wawili kabla ya kumzaa mume wangu, na hakuna aliyemletea uji.

Kwa hiyo ukiambiwa "kula kwanza" na mtu wa umri ule, usidhani amekwepa swali. Mrudie bibi yako. Muulize yeye nani alimwambia ale, na wakati gani. Mimi nakuhakikishia hapo kuna hadithi ndefu, na hajawahi kuulizwa.

---

Msomi wa Tunduma

Ndugu yangu, mimi ni wa 2021, shahada kama yako, Jiografia. Nabadilisha hela mpakani. Sina la kukufundisha, nimekuja kusema tu kwamba ile foleni ya usaili uliyoisema, mimi nilikuwa kwenye ya kwetu Mbeya, na jamaa aliyekuwa mbele yangu alikuwa amebeba vyeti kwenye mfuko wa rambo ameukumbatia mkono wote visije vikaloa, mvua ilikuwa inanyesha. Nimemkumbuka sana huyo mtu. Usidhani uko peke yako.

---

Mzee wa Gengi

Kijana wangu, marahaba. Nina miaka 68, nipo Makambako. Umeomba mtu aseme "mimi ilikuwa hivi". Mimi ilikuwa hivi, na vumilia, naandika polepole.

Nilianza kazi ya njia ya reli ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mwaka 1979, nina miaka 22. Reli ilikuwa changa bado, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Nilipangiwa gengi, yaani kundi la kutunza njia, la milimani, kati ya Mlimba na Makambako. Reli inayopita hapo kwenu kwenye tambarare ikishaivuka Mlimba inaanza kupanda, na kipande hicho ndicho kigumu kuliko vyote katika kilomita 1,860 za kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Mahandaki, madaraja, na mlima unaomwaga udongo kila masika. Nguzo za daraja la mto Mpanga zina urefu wa kama mita 50. Ukisimama juu yake wakati wa ukungu huoni maji, unayasikia.

Nilipofikisha umri wako mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto hakupona. Alikuwa amekwenda kwao Njombe kujifungulia. Habari ilinifikia kambini kwa simu ya stesheni, nilipofika walikuwa wameshazika, mvua ilikuwa nyingi hawakuweza kusubiri. Nikakaa matanga, nikarudi kambini kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Watu wakaniambia yale yale unayoambiwa: jikaze, wewe kijana, utaoa mwingine. Nilioa mwingine kweli, miaka ilipopita, na tuko naye mpaka leo, ananipikia chai wakati naandika haya. Lakini kilichoniamsha asubuhi wakati ule siyo hicho, kwa hiyo sitakudanganya.

Nyapara wetu alikuwa mzee wa Kihehe. Alikuwa amefanya kazi na Wachina tangu ujenzi ulipoanza 1970, alikuwemo kwenye kuchimba baadhi ya mahandaki yale tuliyokuwa tunayatunza. Kichina chake kilikuwa cha kuhesabu na cha kuonya hatari, basi. Aliona watu wakifa kwenye kazi ile, wa kwetu na wa kwao. Wachina waliofia kwenye ujenzi wanazidi 60, makaburi yao mengi yapo Gongo la Mboto, na wengi walikuwa watu wenye mama zao ng'ambo ya bahari, kama wewe ulivyo na wako. Hakupenda kuyaongelea.

Mzee yule alinipa pole siku moja tu, ya kwanza. Alichofanya baada ya hapo alinitoa kwenye kundi la kubeba mataruma, yale ya zege yanayolala chini ya reli, akanipa kazi ya kutembea njia. Unatoka alfajiri na spana ndefu, nyundo na bendera nyekundu. Unatembea juu ya mataruma mpaka mwisho wa eneo la gengi lenu, kisha unarudi. Unaangalia boliti zilizolegea, reli yenye ufa, kokoto zilizokimbia, maji yamechagua kupita wapi. Taruma la zege lililolala vizuri ukiligonga linajibu kwa mkato. Ambalo chini yake kokoto zimehama linavuma, sauti inakaa kidogo. Nilijifunza kulisikia hilo kabla macho hayajaona chochote.

Jioni nikirudi, mzee ananisogezea kigoda karibu na moto. "Umeona nini?"

Siku za mwanzo nilimjibu, "Hakuna." Akaniambia, "Umetembea kutwa nzima una macho mawili, halafu hakuna?" Hakupandisha sauti. Akatikisa kichwa, akaendelea na ugali wake. Kesho yake nikajikuta natafuta cha kumpelekea. Boliti zimelegea karibu na mdomo wa handaki. Nyani wamehama wameshukia bondeni. Kuna mama anaanika mihogo kwenye kokoto, nimemwambia aiondoe. Yeye anasikiliza, anauliza: upande wa kushoto au wa kulia? Wangapi? Ulimwambiaje, akasemaje? Na kesho yake anakumbuka. "Yule mama wa mihogo, umemkuta?"

Masika fulani nikamwambia nimeona ufa kwenye udongo juu ya mkato wa mlima, unaingia kidole. Aliacha chakula. Tulikwenda usiku ule ule na taa, akaupima kwa kijiti, akapiga simu stesheni treni zipunguze mwendo, kisha njia ikafungwa. Siku chache mbele mlima ulishuka pale pale, na hapakuwa na treni. Sikusimulii hili ili unione shujaa, maana kuona ufa anaweza yeyote mwenye macho. Nasimulia kwa sababu nisingeuona kama hakuna mtu jioni wa kuniuliza.

Mwaka ule wote sikupata maana ya maisha ambayo leo naweza kukuandikia hapa. Huzuni ilikuwepo asubuhi, ilikuwepo jioni. Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka kujua nimeona nini, na alikuwa ananisikiliza mpaka nimalize. Kwa hilo niliamka. Baadaye nikaanza kuamka kwa mengine, na sikumbuki ni lini hasa.

Sasa rudi kasome ulichoandika wewe mwenyewe kuhusu baba yako na baiskeli. "Haya, mmesoma nini?" Wewe unasema ulikuwa unasoma ili akae kivulini. Mimi nimesoma habari yako mara nyingi, naona ulikuwa unasoma ili uwe na cha kumwambia njiani. Ndiyo maana pale kwenye foleni Morogoro ulimwaza wa kumpigia simu kabla hujauwaza mshahara. Uliyempoteza ni baba, na ni msikilizaji pia, na wanaokupa pole wanakupa ya baba tu. Hiyo ya pili hakuna anayeijua, labda mpaka leo na wewe hukuijua.

Baba yako mdogo anakupenda, usimwekee kinyongo. Kugeukia rafu kupanga makopo yaliyopangwa ni jibu la mtu ambaye swali limemfikia.

Nyapara alifariki miaka mingi iliyopita. Reli nayo niliiona ikishuka. Ilijengwa iweze kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, na mwaka wa fedha 2014/15 haikufika hata tani laki moja. Kuna wenzangu walikuwa wameiweka roho yao yote kwenye reli, na zile siku za treni moja moja ziliwamaliza. Mimi nilikuwa na vijana wangu wa gengi, kila jioni namuuliza kila mmoja ameona nini. Wengine bado wananipigia simu mpaka sasa kuniambia, wakati mimi nimeshastaafu na wao wengine hawako reli tena. Mmoja ni dereva wa basi. Ananieleza barabara.

Basi, kwanza fanya alichokuambia huyo binti nesi, maana mimi sina dawa na yeye anayo. Pili, mtafute bibi yako kama alivyosema mama wa Mikumi. Tatu, kila jioni ukishuka kwenye dungu lako la kuamia ndege niandikie hapa umeona nini. Usipotaka kuniambia unajisikiaje, usiniambie. Umeona nini. Nitasoma, na nitakuuliza.

---

Mtoto wa Mngeta

Shikamoo mzee. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza kuandika nafuta.

Mama nimemwambia, jana usiku, yote, na ile ya kutoamka pia. Nilimpa simu asome kama dada nesi alivyosema, lakini herufi ni ndogo akaniambia nimsomee. Nikamsomea kwa sauti, yako pia, mpaka pale pa mama wa mihogo. Alinyamaza, halafu akaenda kumwamsha bibi. Tukakaa watatu jikoni mpaka jogoo wa kwanza. Bibi nilimuuliza. Mama Ubwabwa, shikamoo, ulikuwa sahihi, ni ndefu, na nimeanza kuiandika kwenye daftari, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya Wandamba ambayo baba alikuwa anayataka. Sitaiweka hapa, ni yake.

Keshokutwa nakwenda Ifakara na mjomba. Tumeshakubaliana, ameomba ruhusa kazini.

Taarifa ya leo:

Kwelea kwelea wamekuja kabla jua halijapanda vizuri, kutoka upande wa mto, kundi moja kubwa. Wametua kwanza kwa jirani aliyepanda mbegu ya Supa, wakakuta masuke hayajatoka, ndipo wakaja kwetu maana sisi tuna Saro na imetangulia. Nimewatoa kwa kombeo na madongo, na debe. Wamerudi mchana wachache. Jirani ananidai msaada wa zamu yake ikifika, nimemkubalia.

Tuta la jaruba la mwisho, pale kwenye mkuyu, limebomoka. Maji yanatoka kwetu yanakwenda kwenye mbuga. Mpunga wa jaruba lile umeanza kuwa wa njano kwenye ncha, sijui kama ni kwa sababu ya maji au ni ugonjwa.

Treni ya mizigo imepita saa tisa kuelekea Mlimba. Mtoto wa jirani, yupo darasa la tatu, alikuwa amepanda dungu langu, akaniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia Zambia. Akauliza Zambia ni nini. Nimemweleza mpaka jua likaanza kuzama, na amesema kesho anarudi.

Sijui kama hili la mwisho nalo linahesabika.

---

Mzee wa Gengi

Linahesabika. Kesho ukimwona, muulize wewe kwanza amesoma nini shuleni.

Hilo tuta: limevunjika kwa juu, maji yamelipanda yakamwagika, au limechimbwa chini na panya ukabaki uwazi kama mdomo? Matengenezo yake ni tofauti, ukijaza udongo tu juu ya tundu la panya litaondoka tena mvua ikinyesha. Na ile njano, imeanzia majani ya chini au ya juu? Shuka uangalie asubuhi kabla ya ndege, uniambie. Ukirudi Ifakara uniambie na huko umeambiwa nini.